Jina la Mtoto Kwenye Fomu ya Pensheni
Kaka yangu alipofariki tulikuta kwenye faili lake la kazini ile fomu ya pensheni, kwa kalamu ya bluu ameandika jina la mwanawe, asilimia 100, na pale pa mlezi ameacha wazi. Mtoto ana miaka 9. Mamake alitangulia, analelewa na nyanya yake.

Sasa hela ni zake lakini hapa Kenya bado ni mtoto hadi afike 18, hawezi kusaini wala kuchukua mwenyewe, kwa hiyo wadhamini wa skimu, yaani wasimamizi wa mfuko wake wa pensheni, wakataka cheti cha kifo, cheti cha kuzaliwa, barua ya chifu na ushahidi wa nani anamlea. Tumezunguka miezi na nyanya na magoti yake mabovu, iliniuma sana.

Baba mdogo alitaka hizo pesa zigawanywe kama shamba. Nikamwambia kwa heshima, baba, hapana, Sheria ya Mafao ya Kustaafu kifungu cha 36A kinasema mafao ya skimu hayahesabiwi kwenye mirathi, wadhamini wanalipa kwa kufuata kanuni za skimu.

Tuliomba zisitolewe zote mara moja, ziwekwe kwenye trasti, yaani zitunzwe na kusimamiwa kwa niaba ya mtoto, karo iende shuleni moja kwa moja kila muhula. Wakakubali, nyanya akalia pale pale ofisini.

Jumatatu nikaomba fomu yangu kazini, nimeandika watoto wangu wawili, na pale pa mlezi jina la dada yangu na namba yake ya kitambulisho.