Kabla ya kupiga misumari: milango ya parseli itazame wapi

Fundi akifika kwenye parseli mpya hapa Goma, huulizwa mbao ngapi na mabati mangapi. Aulizwe kwanza: milango itatazama wapi, na watu watapikia wapi?

Parseli nyingi za wapangaji zina vyumba vinne kwa mstari mmoja, kila mlango ukitazama ukuta wa mawe ya volkeno. Mvua ikianza, mbabula zote, yaani majiko ya makaa, huingia ndani. Makala yakishakolea hayatoi moshi mwingi, na ndiyo maana watu huyaamini. Lakini yanatoa monoksidi ya kaboni, isiyo na rangi wala harufu: kichwa kinauma, kichefuchefu kinafuata, na aliyelala anaweza asiamke. Dirisha moja halitoshi, maana hewa inataka pa kuingilia na pa kutokea. Toboa ukuta mmoja chini, na wa pili juu karibu na paa. Hata hivyo matundu hayo ni ya kupumulia tu, hayakupi ruhusa ya kulala na mbabula. Dawa yenyewe ni kibanda cha kupikia uwanjani, chenye paa na pande mbili wazi, ili mvua isimrudishe mtu ndani.

Kibanda hicho pia hujenga ujirani. Mwaka 1950 Leon Festinger na wenzake wa Marekani walichapisha utafiti wao juu ya nyumba za wanafunzi wenye familia: waliokaa karibu na ngazi walipata marafiki wengi zaidi wa ghorofa ya juu, kwa kuwa hao walipita mlangoni kwao kila siku. Basi panga vyumba kwa umbo la L, milango ielekee uwanjani, tangi la maji liwe njiani. Mtoto akianguka, kuna jicho la kumwona. Ila milango miwili isitazamane ana kwa ana, na kila mmoja uwe na baraza ya mita 1 hivi. Anayechunguliwa kutwa hufunga mlango, na hewa yake inaishia hapo.

Halafu kuna mazuku. Ni kaboni dioksidi itokayo ardhini. Ni nzito kuliko hewa, hivyo hutuama mabondeni, hasa usiku na alfajiri upepo ukitulia. Ukikuta mijusi au ndege wamekufa shimoni, usijenge hapo, na usishuke kuwaokota. Jirani na sehemu hizo, sakafu isiwe chini ya usawa wa uwanja, na watoto wasilazwe kwenye mkeka chini.

Choo kiwe mita 30 kutoka kwenye tangi la maji lililochimbiwa ardhini. Lava ina nyufa, na maji machafu hupita humo bila kuchujwa kama kwenye udongo. Kwa kuwa mwamba haukubali shimo refu, inua choo kwa mawe na saruji, uache mlango wa kukinyonyea nyuma, upande lori linakoweza kufika.