Neno "kamili" katika faili la mama

Nimetoka zamu ya usiku, na kabla sijalala nataka kuandika juu ya kitu ambacho karibu hakuna anayekiulizia. Mtoto anapozaliwa, kila aliyemo chumbani humgeukia yeye: amelia au hajalia, ni wa kike au wa kiume, ana kilo ngapi. Dakika chache baadaye hufuata kondo la nyuma, ambalo ndilo lililomlisha na kumpumulia mtoto huyo tangu mimba ilipokuwa changa, nalo hupokewa katika beseni na kusogezwa pembeni. Sisi wakunga tunatakiwa kulikagua pamoja na tando zake, yaani ngozi nyembamba zinazofanya chupa alimokaa mtoto, kisha tuandike katika faili: "Kondo na tando kamili." Ni maneno manne tu, na mkono uliozoea huweza kuyaandika hata macho yakiwa kwingine.

Miaka tisa iliyopita niliyaandika hivyo hivyo. Tulikuwa wakunga wawili kwa akina mama watano wenye uchungu, na mmoja wao, aliyekuwa na mimba ya pili, alijifungua salama. Nilimchoma sindano ya oksitosini, dawa ya kukaza mfuko wa uzazi, uniti 10, kama inavyotakiwa, na kondo likatoka baada ya dakika saba bila ubishi. Nililigeuza mara moja, nikaona upande wa nyuma una vipande vyake vyote vimekaa pamoja, nikalitia katika ndoo, nikaandika, nikakimbilia kitanda cha jirani ambako mama mwingine alikwisha kuanza kusukuma.

Baada ya muda wa saa mbili hivi nilifunua shuka la yule wa kwanza, nikakuta limelowa. Mfuko wa uzazi ulikuwa umelegea. Nikiusugua unakaza, nikiuacha unalegea tena. Kiongozi wetu wa zamu, mama wa makamo ambaye sisi vijana tulimwita Mama tu, hakunigombeza. Wakati mwenzangu anatundika dripu na kumwita daktari, yeye aliniuliza, "Kondo liko wapi, mwanangu?" Nikamwambia liko katika ndoo. "Lilete."

Alilishika kwa kamba ya kitovu, akaziacha tando zining'inie, kisha akapitisha mkono wa pili katika tundu alilotokea mtoto na kuvitanua vidole ndani yake, kama mtu anayekagua soksi iliyotoboka, akaiinua chupa yote kwenye taa. Hapo ndipo nilipoona kile nilichopaswa kukiona mapema: mbali na tundu lile la kwanza kulikuwa na tundu la pili, dogo, la mviringo, na kutoka ukingoni mwa kondo mishipa miwili ya damu ilikuwa imetambaa juu ya utando kuelekea huko, ikaishia hewani, imekatika.

"Mishipa haitembei bure," alisema. "Hii ilikuwa inakwenda kwa nani?"

Ilikuwa inakwenda kwenye kipande kidogo cha kondo kilichoota peke yake, mbali na kondo kubwa, kikiunganishwa nalo kwa mishipa hiyo tu. Kondo kubwa lilitoka, kipande kikabaki ndani. Kwa asiyejua, kipande cha ukubwa wa kifuniko cha kopo hakionekani kuwa jambo la kutisha. Lakini mimba inapokomaa, damu inayopita katika mfuko wa uzazi kwa dakika moja huzidi nusu lita, na kondo likishabanduka, mishipa iliyokuwa ikiifikisha hapo hubaki wazi. Hakuna kinachoifunga kwa haraka isipokuwa misuli ya mfuko wenyewe, inayojikunja na kuibana. Kipande kilichobaki huwa kama mguu uliowekwa mlangoni: mlango unasukumwa, haufungi.

Yule mama alipelekwa chumba cha upasuaji, akapewa dawa ya usingizi, kipande kikatolewa kwa mkono, akaongezewa chupa mbili za damu, na baada ya siku nne akarudi nyumbani na mtoto wake. Faili lake lilibaki na neno langu, "kamili", na chini yake maandishi ya daktari yakilikanusha. Hakuna aliyeniadhibu. Mpaka leo sijui kama ningejifunza zaidi au kidogo zaidi kama ningeadhibiwa.

Tangu usiku ule, kondo silitazami tena, nalisoma. Kondo la mimba iliyokomaa huwa na uzito wa karibu nusu kilo, yaani kama sehemu moja ya sita ya uzito wa mtoto, na upana unaozidi kidogo sentimita 20. Upande uliokuwa umeshika ukuta wa mama ni wa rangi ya damu nzito, wenye mabonde yanayoligawa katika vipande kati ya 15 na 20 hivi. Upande wa mtoto ni laini na wa kung'aa, na mishipa hutawanyika juu yake kutoka kwenye kitovu kama mito katika ramani. Katika kitovu chenyewe natafuta midomo mitatu ya mishipa, miwili ya ateri na mmoja wa vena. Nikikuta ateri moja tu, nawaambia madaktari wa watoto, kwa sababu mara nyingine figo au moyo wa mtoto huwa na hitilafu inayokwenda pamoja na upungufu huo.

Watu wengi hudhani kwamba damu ya mama humwingia mtoto moja kwa moja. Wataalamu nao walidhani hivyo kwa karne nyingi, hadi akina Hunter, ndugu wawili wa Scotland waliofanya kazi London, walipoonyesha kwamba njia hizo mbili za damu ni mbalimbali. William alichapisha mwaka 1774 michoro mikubwa ya mfuko wa uzazi wenye mimba, na mwaka 1780 mdogo wake, John, akasimama kudai kwamba ugunduzi ule ulikuwa wake. Wakafarakana. Mara nyingine huwaza kwamba kiungo hiki kina tabia ya kuwagombanisha ndugu, maana hata katika kamusi zetu kuna neno "kondo" jingine, lenye maana ya vita.

Sidai kwamba maneno hayo mawili yana asili moja, lakini yanakaa vizuri pamoja. Mwaka 1993 mwanabiolojia David Haig aliandika kwamba ndani ya mimba kuna mvutano wa kweli: kijusi kina faida katika kuvuta chakula kingi zaidi, na mama ana faida katika kujibakizia nguvu za uhai wake na za watoto wengine. Kondo ndilo uwanja wa mvutano huo. Chembe zake hupenya katika ukuta wa mfuko wa uzazi, huifikia mishipa midogo ya mama na kuitanua, ili damu iingie kwa wingi na kwa upole bila mama kuweza kuibana atakavyo. Hata ngozi nyembamba inayolifunika kondo upande wa damu ya mama huundwa kwa msaada wa jeni ambayo mababu zetu wa mbali mno waliirithi kutoka kwa virusi, jambo lililoelezwa mwaka 2000 na ambalo bado hunishangaza kila ninapolikumbuka katikati ya kazi.

Sasa, kuna mimba ambazo upenyaji huo hufanyika nusunusu. Mishipa ya mama haitanuki inavyopaswa, kondo linakosa damu ya kutosha, nalo humwaga katika mwili wa mama kemikali zinazoidhuru mishipa yake yote. Baada ya wiki ya 20 shinikizo la damu hupanda kufikia 140 kwa 90 au zaidi, protini huonekana katika mkojo, kichwa huuma, macho huona nyotanyota, na mwisho wa njia hiyo ni kifafa cha mimba. Chanzo kilitokea wakati mama hajaanza hata kuonekana ana tumbo; dalili zinakuja miezi baadaye. Ndiyo maana wenye hatari kubwa huandikiwa aspirini ya dozi ndogo mapema, kabla ya wiki ya 16, na ndiyo maana naikasirikia sana kliniki inayomwambia mjamzito aje "tumbo likishakua". Kwa wale ambao hali imekwisha kuwa mbaya tunayo magnesiamu salfeti, ambayo utafiti wa mwaka 2002 uliohusisha wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33 ulionyesha kwamba hupunguza kifafa kwa zaidi ya nusu. Kondo la mama wa namna hii hulijua nikilishika tu: mara nyingi ni dogo, na lina mabaka magumu ya manjano mahali ambapo damu iliacha kufika.

Kondo lililobanduka kabla ya wakati nalo huacha saini yake, bonge la damu lililokwama nyuma yake na shimo lililochimbwa na bonge hilo. Hapa damu inayoonekana nje hudanganya, kwa kuwa nyingi huweza kufichika ndani. Tumbo gumu kama ubao na maumivu yasiyoachia husema ukweli kuliko pedi. Kinyume chake ni kondo lililotangulia, yaani lililokaa chini na kuuziba mlango wa kizazi, ambalo hutoa damu nyekundu mbichi bila maumivu yoyote, hata mama akaamka usingizini na kukuta kitanda kimelowa. Mkunga yeyote anayemtia kidole mama anayevuja damu kabla ya kujua kondo limekaa wapi anaweza kumuua kwa kidole hicho. Nimeandika kwa ukali makusudi. Hata hivyo, mama anayeambiwa kwenye picha ya wiki ya 20 kwamba kondo lake liko chini asikate tamaa, kwa sababu sehemu ya chini ya mfuko wa uzazi hurefuka kadiri mimba inavyokua, na kwa wengi mno kondo huwa limeshapanda picha inaporudiwa karibu na wiki ya 32.

Aliyewahi kujifungua kwa kupasuliwa ana habari nyingine ya kuangaliwa. Kondo likitangulia na kukaa juu ya kovu, huweza kujichimbia ukutani na kukataa kubanduka. Katika utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2006, kati ya wanawake wenye kondo lililotangulia, jambo hilo lilionekana kwa asilimia 3 ya waliokuwa wakipasuliwa mara ya kwanza, asilimia 11 mara ya pili, na asilimia 40 mara ya tatu. Kondo la namna hiyo halivutwi.

Tando zenyewe hupuuzwa kuliko kondo, pengine kwa kuwa ni nyembamba na huonekana kama kifungashio. Ni mbili, moja ya ndani na moja ya nje, nazo ndizo chupa inayozuia maji yasitoke na vijidudu visiingie. Chupa ikipasuka kabla ya wiki ya 37 na uchungu haujaanza, tunahesabu hatari mbili kwa wakati mmoja, ya mtoto kuzaliwa njiti na ya maambukizi kupanda. Antibiotiki hutupatia muda, na sindano za steroidi huyakomaza mapafu ya mtoto. Hizo tunazitumia kwa sababu ya Liggins na Howie wa New Zealand, waliochapisha matokeo yao mwaka 1972 baada ya Liggins kuuona mwanzo wake kwa kondoo. Utando wenye afya hupitisha mwanga. Ulioambukizwa huwa na ukungu kama kioo cha bafuni, na pua hujua kabla ya jicho.

Bado mishipa ile ya yule mama hunirudia, kwa sababu nyingine ambayo niliielewa baadaye. Kama ingekuwa imepita mbele ya mlango wa kizazi, ingekatika siku ile ile chupa ilipopasuka, na damu ambayo ingemwagika isingekuwa ya mama bali ya mtoto, ambaye mwilini mwake mwote, akiwa na kilo 3, ana damu ya takribani robo lita. Ilipita juu zaidi. Ni hilo tu.

Alfajiri ya leo mama mmoja kijana, baada ya kujifungua, alinitazama nikiwa nimeinama kwenye beseni akauliza, "Sista, unatafuta nini humo?" Nikamsogezea, nikamwonyesha upande wake na upande wa mwanawe, nikamwonyesha chupa alimokaa mtoto. Alicheka kwa mshangao, akasema hakujua kama ametengeneza vitu viwili. Mshipa mmoja ulikuwa umekaribia mno ukingo wa kondo, nami nikaufuata kwa kidole polepole huku yeye akisubiri bila kuuliza. Ulifika ukingoni kabisa, ukapinda, ukarudi ndani. Nikanawa mikono, nikalifungua faili lake.