Jumapili ya Wolvercote

Rais wa heshima wa chama kile alifariki mwaka 1973, na mpaka leo hajachaguliwa mwingine. Nilipoisikia habari hiyo mara ya kwanza, katika chumba cha chai cha wodi yetu, nilijua papo hapo kwamba watu hawa nitaelewana nao.

Chama chenyewe ni Tolkien Society ya Uingereza, chama cha wasomaji wa J.R.R. Tolkien, yule profesa wa Oxford aliyetunga habari za mahobiti wafupi, Waelfi wasiozeeka na pete iliyotakiwa na kila mwenye tamaa ya kutawala. Aliyenieleza ni muuguzi mwenzangu, na yeye alikuwa ameyapata kwa mama yake, mwanachama tangu ujana wake. Tolkien alikubali kuwa rais wa heshima mwaka 1972. Alipofariki mwaka uliofuata, binti yake Priscilla alipendekeza kiti kisipewe mtu mwingine, abaki nacho yeye milele. Wanachama wakaafiki. Mwenzangu alinisimulia haya huku akichovya biskuti kwenye chai, kama mtu anayesimulia mambo ya nyumbani kwao, na kwa kweli yalikuwa ya nyumbani kwao.

Mimi ni mtu wa Tanga. Uuguzi ndio ulionileta Oxford, na njia yangu ya kwenda kazini ilipita Sandfield Road kule Headington, penye nyumba namba 76 aliyoishi Tolkien kuanzia 1953 hadi 1968. Kuna kibao ukutani kinachosema hivyo. Vitabu vyake nilivijua kabla sijaijua Uingereza. Kaka yangu alirudi na kimoja kutoka bweni la shule yake, jalada limeng'oka, nami nikakisoma na kamusi pembeni hadi mama akazima taa. Nilikuwa na marafiki wengi Tanga, lakini hapakuwa na hata mmoja niliyeweza kumwambia jinsi nilivyolia mchawi Gandalf alipotumbukia shimoni. Unamaliza kitabu kama kile, unakifunga, kisha unakwenda kuchota maji, na dunia nzima iliyomo kichwani mwako haina mwenyeji mwingine ila wewe. Nilidhani ndivyo kusoma kulivyo.

Basi mwaka 2023 yule mama wa mwenzangu alinialika Oxonmoot, mkutano wao wa kila mwaka, ambao kwa kawaida hufanyika Septemba au karibu na hapo, mwezi ambao mahobiti Bilbo na Frodo wanasherehekea siku yao ya kuzaliwa. Nilimwita bibi. Yeye alitaka nimwite kwa jina lake, kama wafanyavyo Waingereza, lakini ulimi wangu haukuweza kumtaja kwa jina tupu mtu aliyemzidi mama yangu umri, na baada ya muda akazoea. Mkutano wa mwaka huo ulikuwa chuo cha St Anne's, na Jumamosi yake iliangukia tarehe 2 Septemba, miaka 50 kamili tangu Tolkien afariki.

Nilitegemea kukuta vijana waliovaa majoho, na walikuwepo. Nisichokitegemea ni wazee. Walikuwepo watu waliojiunga zamani, wakati habari za chama zikiletwa na posta kwa jarida lao liitwalo Amon Hen, na walikaa pamoja na wasichana wa miaka ishirini wakibishana kama Balrogi, pepo la moto la vitabuni, ana mabawa au hana. Walikuwepo walimu wa vyuo vikuu, fundi bomba, dereva wa treni, na padri mmoja. Matawi yao ya mitaani huitwa smial, jina la mashimo wanamoishi mahobiti, na mtu akijitambulisha hutaja smial yake kama sisi tutajavyo ukoo. Kulikuwa na mihadhara mchana kutwa: sarufi ya lugha za Waelfi, ramani, miti, vita ya Somme, ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, ambayo Tolkien alipigana akiwa kijana na kuwapoteza rafiki zake. Muhadhara wa Somme nilitoka nimejaa sana, nikakosa uliofuata, nikaenda kutembea na bibi.

Alinipeleka University Parks, akanionyesha miti miwili na benchi vilivyowekwa na wapenzi wa Tolkien mwaka 1992, ilipotimia miaka mia tangu azaliwe. Miti ile ni ukumbusho wa miti miwili ya nuru, mmoja wa fedha na mwingine wa dhahabu, iliyoangaza katika hadithi zake kabla jua na mwezi havijakuwepo. Bibi alilishika gome la mmoja akalipapasa. Kisha tukarudi kwa njia ya St Giles', tukapita mbele ya Eagle and Child, baa ambamo Tolkien, mwandishi mwenzake C.S. Lewis na wenzao walikuwa wakikutana. Ilikuwa imefungwa tangu 2020. Bibi alichungulia dirishani hata hivyo.

Njiani alinieleza habari za Vera Chapman. Mwaka 1969 mama huyu, mwenye miaka 71, aliweka tangazo dogo katika jarida la New Statesman akiwatafuta wapenzi wa Tolkien. Hakuwa na ofisi wala fedha za mtu. Watu wakaitikia, chama kikazaliwa, naye mwenyewe ndani ya chama akajiita Belladonna Took, jina la mama yake Bilbo. Nilimuuliza bibi, tangazo tu? Akasema tangazo tu, na kisha kuwajibu wote walioandika. Hiyo ya pili aliisisitiza.

Usiku ule, baada ya maonyesho ya mavazi, watu wachache tulibaki katika ukumbi mdogo. Wengine walikuwa vitini, wengine chini kwenye zulia. Desturi ni kwamba mwenye wimbo aimbe, mwenye shairi asome. Mjerumani mmoja aliimba na gitaa. Msichana mmoja alisoma kwa moyo kipande kirefu cha mashairi ya wapanda farasi wa Rohan, bila karatasi, macho kayafumba. Ndipo bibi akanigusa kiwiko: na kwenu je, hakuna aliyetunga nchi isiyokuwepo?

Yupo. Shaaban Robert, tena wa Tanga kama mimi. Nilisimama nikawasimulia Kusadikika, nchi inayoelea angani, ambayo raia wake hawaijui ardhi. Niliwaeleza kesi ya Karama, aliyeshitakiwa kwa kosa la kufundisha sheria, na waziri Majivuno anayetaka auawe. Niliwaeleza jinsi Karama anavyojitetea barazani kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande nne za dunia, na mbinguni, na ardhini, wakatafute mema ya nchi nyingine. Kila mjumbe anarudi na elimu ya kuwafaa wenzake, na kila mmoja anatupwa gerezani kwa sababu hiyo hiyo.

Nilianza kwa sauti ndogo. Nilipofika kwa mjumbe wa kwanza nilikuwa nimeshasahau kwamba naongea Kiingereza. Sijui namna ya kuwaeleza ilivyo kusimulia kitabu mbele ya watu waliozoea kusikiliza. Kwao nchi inayoelea halikuwa jambo la kucheka. Waliuliza maswali ya wenyeji. Mto wake unamwaga maji wapi? Mjumbe wa ardhini alishuka vipi? Mfalme anajua kwamba waziri ni mwongo, au hataki kujua? Hili la mwisho ndilo swali hasa la kitabu kile, na lilitoka kwa msichana ambaye dakika kumi kabla hakuwa amewahi kulisikia jina la Shaaban Robert.

Bwana mmoja mwenye ndevu nyeupe akauliza, wakati kitabu kinaandikwa nchi yenu ilikuwa inatawaliwa na nani?

Nikamjibu: ninyi. Kilitoka mwaka 1951, Tanganyika ikiwa chini ya Uingereza, na Shaaban alikuwa mtumishi wa serikali hiyo hiyo. Wengi kwetu wamekisoma kama kilio cha mtu aliyenyimwa haki akapata njia ya kusema.

Hakuna aliyejitetea wala kunipa pole ya mdomoni. Yule bwana alitikisa kichwa kuonyesha amesikia, akasema: basi endelea, mjumbe wa pili alitumwa wapi? Nilimpenda kwa jambo hilo. Alikiheshimu kitabu kiasi cha kutaka kujua kinakokwenda, na mimi nakubali heshima ya namna hiyo kuliko hotuba ya kuomba radhi.

Jumapili asubuhi tulipanda mabasi kwenda makaburi ya Wolvercote, kaskazini ya mji. Hii ndiyo Enyalië, ibada yao ya ukumbusho. Vibao vidogo vinakuonyesha njia mpaka sehemu ya Wakatoliki, na pale ndipo alipolala Tolkien na mkewe Edith katika kaburi moja. Jiwe ni la kijivu. Chini ya jina la Edith pameandikwa Lúthien, na chini ya jina la Tolkien pameandikwa Beren. Hao ni wapenzi wa hadithi yake: mwanadamu, na binti wa Kielfi aliyeacha kuishi milele ili awe naye. Hadithi hiyo ilianzia kwenye jambo la kweli, siku moja mwaka 1917 Edith alipomchezea ngoma mumewe katika kichaka cha maua meupe kule Yorkshire, naye akiwa askari aliyerudishwa na maradhi kutoka vitani. Edith alitangulia, mwaka 1971, na jina la Lúthien Tolkien mwenyewe ndiye aliyetaka liandikwe.

Juu ya kaburi palikuwa na maua, kalamu, rozari, pete za bei nafuu, na barua zilizokunjwa. Mwenyekiti aliweka shada. Mtu akasoma kipande cha kitabu. Kisha likasomwa shairi la Namárië, kwaheri ya Galadriel, mkuu mmoja wa Waelfi, kwa lugha ambayo hakuna kabila lililowahi kuizungumza, na watu waliifuatisha kwa midomo bila kuangalia popote. Kwetu, Idi ikishasaliwa, wanaume hupita makaburini kuwatolea salamu wazee kabla ya kurudi kula, na hakuna anayeona ajabu kuzungumza na aliyekwisha kuondoka. Fatiha sikuisoma, si mahali pake. Nilisimama kwa adabu, nikawaangalia. Watu hawa hawakuwa jamaa wa marehemu. Wengi hawakumwona. Kilichowaleta ni kwamba alipata kuwafurahisha, kila mmoja peke yake, chumbani kwake, na wao wakaamua kwamba furaha ile ni deni, na deni hulipwa kwa kwenda.

Ndilo jambo nililotoka nalo pale. Mapenzi ya kitabu wengi tunayo. Walichonacho hawa ni tarehe. Septemba wanakutana. Tarehe 25 Machi, siku pete ilipoangamizwa katika hadithi, wanasoma kwa sauti popote walipo. Tarehe 3 Januari, siku aliyozaliwa Tolkien kule Bloemfontein mwaka 1892, saa tatu usiku wanasimama na glasi mkononi, wa divai na wa maji ya machungwa sawasawa, wanasema: Profesa! Mtu akiwa mgonjwa, amefiwa, amechoka, tarehe inafika hata hivyo, na kuna watakaokwenda.

Kwenye basi la kurudi bibi aliuliza, huyo Shaaban wako amelala wapi?

Kwao, nikasema, nje kidogo ya Tanga. Alifariki 1962.

Alizaliwa lini?

Tarehe 1 Januari 1909.

Akanigeukia kwa nguvu hata mkoba wake ukaanguka. Siku mbili kabla ya wetu, akasema. Sasa unangoja nini? Vera alikuwa na miaka sabini na moja na hakuwa na simu kama hiyo.

Niliitoa simu. Nina kundi la WhatsApp la wasichana tuliosoma pamoja sekondari, la harusi na misiba na kuchangishana. Niliandika kwamba tarehe 1 Januari tusome Kusadikika kwa sauti, walioko Tanga wakutane nyumbani kwa mmoja wao, na sisi wa mbali tuingie kwa simu, kila mtu achukue mhusika wake. Nikatuma kabla sijapata nafasi ya kusita.

Tanga ilikuwa saa tisa na kitu alasiri, watu wametoka kula. Basi halijafika chuoni, majibu yakaanza kuingia. Wa kwanza akauliza kama kitabu chake cha shule, kisicho na kurasa za mwisho, kitafaa. Wa pili akasema Karama ni wake na asiguswe na mtu. Wa tatu, ambaye hajapata kuniandikia zaidi ya "amina" na "hongera", aliandika ujumbe mrefu kwamba baba yake alikuwa akiwasomea kitabu hicho barazani, na kwamba atamleta, sauti yake bado nzuri, apewe mfalme. Kisha likazuka zogo la nani awe Majivuno, maana hakuna aliyemtaka, mpaka mmoja akasema: mpeni shemeji wa Chumbageni, yule anayesoma risala kwenye maharusi. Bibi aliniomba nimtafsirie kila ujumbe unavyoingia, akaniuliza huyo shemeji ni nani, na kama mtu wa kutoka Oxford asiyejua Kiswahili anaweza kupewa kazi ya kumtangaza mjumbe wa ardhini.