Bia Nzuri Katika Mji wa Mvinyo

Torino, Italia, Oktoba

Ukifika Torino mwezi huu na kuuliza habari ya kinywaji, utajibiwa kwa mvinyo. Zabibu zimekwisha kuvunwa katika vilima vya Langhe na Monferrato, mikahawa imeandika ubaoni Barbera, Dolcetto na Nebbiolo, na hata saa ya jioni ambayo watu hukaa pamoja kabla ya chakula cha usiku ni saa ya vermuti, mvinyo uliotiwa mitishamba ambao Antonio Benedetto Carpano alianza kuuza katika mji huu mwaka 1786. Nimekuja kwa shughuli za kazi, lakini jioni zangu nimezitenga kwa ajili ya bia za viwanda vidogo, na ninaandika haya ladha ikiwa bado mdomoni, kwa sababu nimezidi kuamini kwamba mji unaopenda mvinyo humfunza mtu bia kuliko miji mingi inayosifika kwa bia.

Bia yenyewe si ngeni katika jimbo hili la Piemonte. Kiwanda cha Menabrea kimekuwapo Biella, chini ya milima ya Alps, tangu mwaka 1846, na bia yake nyepesi hupatikana karibu kila mahali. Hata hivyo, kilichonivuta ni kile kilichoanza baadaye sana, mwaka 1996, pale Teo Musso alipoanza kupika bia ya Baladin katika kijiji cha Piozzo, mkoa wa Cuneo, jirani na mashamba yanayotoa mvinyo mwekundu wa Barolo. Kupika bia mahali kama hapo ni kuishi chini ya macho ya majirani ambao tangu utotoni wamefundishwa kunusa kabla ya kunywa, na ambao wakiwekewa chupa mezani huuliza imetoka wapi na itanywewa na chakula gani. Musso hakuwakimbia majirani hao. Aliijaza bia yake katika chupa kubwa za sentilita 75 ili isimame mezani pamoja na chakula, kisha mwaka 2006 yeye na mwonjaji mashuhuri Lorenzo Dabove wakabuni glasi ya Teku, yenye shina refu na mdomo uliobanwa. Katika baa moja ndogo ya mtaa wa San Salvario nilimiminiwa bia nyeusi ndani ya glasi hiyo, nami nikaelewa kwamba shina lile si pambo: mkono hauipashi bia joto, na ule mdomo mwembamba huikusanya harufu na kuileta puani yote kwa pamoja.

Sheria nayo imesaidia. Tangu mwaka 2016, Italia huruhusu jina la bia ya ufundi kwa kiwanda huru tu, kisichozidi hektolita 200,000 kwa mwaka, na kwa bia ambayo haikupashwa moto ili kuua vimelea wala kupitishwa katika vichujio vyenye matundu madogo mno. Maana yake kwa mnywaji ni kwamba bia hiyo bado ni hai, na kitu kilicho hai kinahitaji kutunzwa. Kwa hiyo nikiingia dukani, kabla ya kusoma jina lolote, hutazama kwanza chupa zimewekwa wapi. Bia yenye hopsi nyingi, yaani yale maua yanayoipa bia uchungu, ikisimamishwa dirishani kwenye jua hupata harufu mbaya, na mwenye duka anayeiacha hapo hawezi kunishauri jambo lolote la maana. Wauza mvinyo, ambao kazi yao ni kuogopa mwanga na joto, mara nyingi hutunza bia vizuri kuliko baa zenye mabomba mengi. Ushauri bora niliopata hapa ulitoka kwa mmoja wao, mzee mpole aliyeshuka chini ya duka lake na kupanda na chupa iliyojaa vumbi, akaniomba nisiinywe ikiwa baridi sana.

Ilikuwa BeerBera ya Valter Loverier, ambaye kiwanda chake cha LoverBeer kipo Marentino, katika vilima vilivyo nje kidogo ya mji. Loverier hupika maji ya kimea cha shayiri kama mpika bia mwingine yeyote, lakini hamira haongezi. Huchanganya maji hayo na zabibu za Barbera zilizopondwa, na chachu ya porini iliyokaa juu ya maganda ya zabibu hizo ndiyo inayoanza kazi, kisha kinywaji hukomaa polepole ndani ya mapipa ya mbao. Rangi yake ni nyekundu iliyopauka. Inapogusa ulimi huja ukali unaoamsha mate, halafu tunda, na mwishoni kabisa, wakati nilikuwa nimekwisha kuamini kwamba nakunywa mvinyo, nafaka ikarudi kwa utamu mdogo wa mkate. Nilikaa nayo kwa muda mrefu bila kutaka kuongea na mtu.

Bia za namna hii zina ukoo wake. Kule Sardinia, Nicola Perra wa kiwanda cha Barley alitumia sapa, yaani maji ya zabibu za Cannonau yaliyochemshwa hadi yakawa mazito, katika bia yake ya BB10, na wengine wengi wakafuata kwa zabibu za kwao. Mwaka 2015 chama cha waamuzi wa bia cha Marekani, BJCP, kiliiingiza bia ya zabibu ya Kiitalia katika mwongozo wake. Si zote zinazonipendeza. Baadhi nilizoonja wiki hii zilikuwa na zabibu nyingi kiasi kwamba shayiri ilikuwa imezama, na sioni sababu ya kuzinywa mahali ambapo mvinyo wenyewe ni mzuri na wa bei nafuu.

Kwa mtu aliyekulia Uchagani, kuchanganya tunda na nafaka si jambo la kushangaza. Mbege hupikwa kwa ndizi mbivu zilizochemshwa, zikachanganywa na uji wa ulezi ulioota, na uchungu wake hutokana na gome la msesewe, ambalo hufanya kazi ile ile inayofanywa na hopsi huku Ulaya. Nilipomweleza yule mzee wa dukani, alitoa daftari akaandika, kisha akauliza swali ambalo mpaka sasa linanisumbua: ikiwa Tanzania ina tunda, ina nafaka na ina watu wanaojua kuvichachusha pamoja, nani anapika bia ya zabibu?

Nimekuwa nikiwaza Dodoma tangu hapo. Zabibu za huko huvunwa mara mbili kwa mwaka, wakati Loverier na wenzake hupata zao mara moja tu, na likipita vuno hili wanasubiri lijalo. Mtama na uwele vinastawi katika ardhi ile ile kame. Ningeanza na mtama ulioota, kwa kuwa ladha yake ni tulivu na haitashindana na tunda. Ningetia zabibu nyekundu za Makutupora zikiwa na maganda yake. Nami nisingeongeza hamira yoyote mpaka niwe nimeona chachu ya mashamba yale inaweza kufanya nini peke yake.