Usimwambie injinia kwa mdomo, andika notisi

Masika ikikata tu huku Arusha simu yangu inaanza kuita na stori karibu ni ileile, mkandarasi kachelewa, anakatwa fidia ya ucheleweshaji, kaomba aongezewe muda na konsalta (injinia mshauri anayesimamia kazi) kamkatalia. Juzi kanipigia jamaa mwenye kipande cha barabara nje ya mji, "kaka hawa watu wananionea, si walikuwa wanaona kabisa saiti haipitiki?" Nikamuuliza notisi uliandika lini. Kimya. Af akasema aliongea na injinia wa konsalta palepale saiti, akaambiwa usijali tutaliangalia.

Hapo ndo panaponiuma jamani, maana huyu mtu kazi anaifanya kweli na mitambo ilikaa kweli. Mkataba wake ni FIDIC (mikataba ya mfano ya shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri) kitabu chekundu cha 1999, kifungu 20.1 kinakupa siku 28 tangu ulijue tukio, au ulipotakiwa kulijua, uwe umetoa notisi ya maandishi. Zikipita hujaandika, muda huongezewi na hela hulipwi. Na notisi yenyewe haitaki mahesabu, nusu ukurasa inatosha, mahesabu na vielelezo unapeleka ndani ya siku 42, sasa watu wanasubiri mpaka QS (mkadiriaji gharama) amalize hesabu ndo waandike, wanakwama hapo. Toleo la 2017 angalau limembana na mwenye kazi, yaani anayemlipa mkandarasi, kwa siku hizohizo 28, mi naona ndo haki.

Halafu hiyo mvua. Mvua ya kawaida ya Aprili sio klemu (dai la muda au hela), kila mtu anajua masika inanyesha, inabidi uonyeshe ilizidi isivyo kawaida, yaani rekodi za TMA (mamlaka ya hali ya hewa) za miaka ya nyuma pamoja na kipima mvua chako hapo saiti kinachosomwa kila asubuhi na mtu wa konsalta anasaini. Na ukishinda unapata muda tu, hela hamna.

Ila nilivyopitia dayari yake ya saiti (foromani wake anaandika vizuri sana, Mungu ambariki, mpaka saa greda iliposimama na nani alikuwepo) nikakuta kitu kingine kabisa, kipande cha mwisho hajakabidhiwa kwa sababu kuna nyumba wenyewe hawajalipwa fidia. Hicho ni kifungu 2.1, kinakupa muda, gharama na faida juu yake! Tumeandika barua siku hiyohiyo. Konsalta atasema tumechelewa, lakini kuna kesi ya mkandarasi Obrascon dhidi ya serikali ya Gibraltar, iliamuliwa London 2014, jaji alikubali siku 28 zinaweza kuanza pale ucheleweshaji wenyewe unapoanza kutokea, sio lazima siku ya tukio. Na yeye kile kipande alikuwa hajakifikia kwenye programu ya kazi mpaka hivi karibuni, kwahiyo hoja tunayo.

Kinachonipa wasiwasi ni bodi ya migogoro, yaani watu huru wanaoteuliwa na pande zote mbili kuamua mgogoro. Mkataba unasema iwepo na ikipelekewa mgogoro itoe uamuzi ndani ya siku 84, ila pande zote mbili zilikwepa gharama wakaacha kuiteua. Wasipoiteua sasa hivi, mgogoro ukiiva unaenda moja kwa moja kwa waamuzi wa usuluhishi (arbitration), na hao ni gharama kubwa zaidi wakati mkandarasi bado anadaiwa dizeli na mishahara ya watu.