Mama yake Musa alimtoa mwanae mara mbili

Juzi kwenye jumuiya hapa Mwanga, Kigoma, tulisoma Kutoka sura ya 2, ile ya Musa na kisafina, mtu mmoja akasema kirahisi tu kwamba yule mama "alimtupa mtoto mtoni akamwachia Mungu", watu wakaitikia ndiyo ndiyo, tukaendelea na sala. Mi sijatulia mpaka leo. Jamani hakumtupa. Isome ile sura polepole, hajasema neno hata moja humo ndani lakini sababu zake zinaonekana kwenye kila alichokifanya.

Tuanze na hali ya nyumbani kwake. Farao alishajaribu kuwatumia wale wakunga wawili, Shifra na Pua, kwamba wakizalisha mwanamke wa Kiebrania wakaona ni wa kiume wamuue, wao wakamcha Mungu wakamzungusha. Ndo akaamuru watu wake wote, kila wa kiume atakayezaliwa atupwe mtoni. Watu wote, sio askari tu! Yaani jirani unayeazimana naye chumvi ana ruhusa ya mfalme ya kumchukua mwanao. Na humo ndani kuna Haruni, ambaye ukienda Kutoka 7:7 unakuta amempita Musa miaka mitatu. Wenye watoto wa umri huo mnanielewa. Kichanga utamnyamazisha kwa ziwa, huyu wa miaka mitatu utamnyamazisha na nini, akifika mlangoni tu kila apitaye anaambiwa nyumbani kwetu kuna mtoto. Mi naona ile miezi mitatu aliyomficha ni mingi mno, na sidhani kama iliisha kwa sababu amechoka, iliisha kwa sababu mtoto wa miezi mitatu ameshakuwa na sauti, akilia wanasikia nyumba ya tatu, usiku ndo usiseme. Nyumba ikawa hatari kuliko mto. Hiyo ndo sababu ya kwanza kumtoa na haina ufahari wowote, ni mama aliyeishiwa pa kumweka.

Sasa angalia alivyomtoa. Biblia inasema alimpatia kisafina cha manyasi, akakipaka sifa (yale mafuta ya kupaka vyombo vya majini) na lami, akamtia mtoto ndani, akakiweka katika majani kando ya mto. Ukienda Katonga au Kibirizi huku ziwani ukamkuta fundi anakalafati mtumbwi hiyo mistari unaielewa vizuri zaidi. Anasokota pamba, anaishindilia kwenye ufa kwa patasi na nyundo taratibu, anapitisha kidole, anarudi tena pale pale ambapo wewe ulidhani ameshamaliza, maana maji hayangoji tundu kubwa. Ni kazi ya subira, na mtu anayetupa kitu haifanyi. Yule mama aliipaka lami huku mtoto yupo pembeni, labda amelala, labda anamwangalia, na kila alipopitisha mkono alikuwa anafikiria maji yatapita wapi.

Halafu mahali alipokiweka. Vitabu vya watoto vinachora kikapu kinaelea kinakwenda na maji, lakini Kutoka inasema kilikuwa kwenye majani kando ya mto, yaani kimekamatwa, hakiondoki. Na dada yake mtoto akasimama mbali kidogo ili ajue kitakachompata. Binti Farao akashuka kuoga hapo hapo. Biblia haisemi kama mama alijua, mi nahisi alijua, maana wanawake wanaoishi karibu na maji wanajua nani anaoga wapi na saa ngapi, hata huku ziwani ni hivo hivo, upande huu wanawake, ule wanaume, kule wanafua. Mtu aliyeziba kisafina vile hawezi kuchagua mahali kwa kubahatisha.

Nilimsimulia haya bibi mmoja jirani yetu wa zamani kule Ujiji, Muislamu, akaniambia mwanangu hata kwetu ipo, soma Surat Al-Qasas. Nikaisoma. Kwao kisa kina tofauti kidogo, mto wenyewe ndo unamfikisha mtoto ufukweni (hiyo iko Surat Ta-Ha), na aliyemtetea asiuawe ni mke wa Farao. Ila aya ya 7 ilinikamata. Mungu anampa mama Musa ufunuo kwamba amnyonyeshe, akimhofia amtie mtoni, na asiogope wala asihuzunike, kwa sababu atarudishiwa. Asiogope wala asihuzunike! Maneno hayo anaambiwa mtu mwenye hofu na huzuni tayari. Na aya ya 10 inasema moyo wake ukawa mtupu, karibu aseme siri yote, kama Mungu asingemtia nguvu. Mhubiri akisimama akasema alimtoa kwa imani simpingi, Waebrania 11:23 imeandika hivo hivo kwamba wazazi wake walimficha kwa imani, ila huwa nasikia watu wakilitaja neno imani kama vile yule mama hakutetemeka. Alitetemeka. Alikuwa na imani na bado moyo ukabaki mtupu, vyote viwili kwa siku moja.

Lakini jambo lililonifanya niandike leo ni mara ya pili, ambayo sijawahi kusikia ikihubiriwa. Miriamu, yule dada yake mtoto, kamtokea binti Farao, nikuitie mnyonyeshaji? Akaenda kumwita mama mwenyewe. Binti Farao akamwambia mchukue ukaninyonyeshee, nami nitakupa mshahara. Hapo wote huwa tunashangilia, Mungu ni mwema, mama kamrudia mwanae na analipwa juu, stori imekwisha. Haijaisha! Mstari wa 10 unasema mtoto akakua, akampeleka kwa binti Farao, akawa mwanawe. Nani alimpeleka? Mama. Kwa miguu yake.

Fikiria huo muda wa katikati. Biblia haitaji miaka, ila yule mama wa kitabu cha pili cha Wamakabayo sura ya 7 anamkumbusha mwanae kwamba alimnyonyesha miaka mitatu, kwa hiyo walikuwa wananyonyesha muda mrefu. Mara ya kwanza alimtoa kichanga cha miezi mitatu. Mara ya pili anamtoa mtoto anayeongea, anayemwita mama, anayejua harufu ya nyumba, anayegombana na Haruni. Hapo hakuna tena askari mlangoni wala kilio cha kuficha. Kuna ahadi aliyoweka na binti wa mfalme, na anajua akimng'ang'ania mtoto anarudi kuwa Mwebrania wa kawaida, na sheria ya Waebrania wa kawaida anaijua. Hiyo naona ndo nzito kuliko mtoni, kwa sababu mtoni alikuwa na tumaini kwamba labda, na hapa anajua kabisa atarudi nyumbani peke yake.

Na ile miaka hakuipoteza. Mstari wa 11 Musa ni mtu mzima wa ikulu, anatoka kwenda kwa "ndugu zake" anaona mizigo yao. Nani alimwambia kwamba wale ndo ndugu zake? Ikulu? Mi naamini ni yule mnyonyeshaji wa kulipwa.

Kuna Hana, mama yake Samweli, watu humfananisha naye, mi naona ni tofauti. Hana aliweka nadhiri kabla hata mimba haijaingia, akampeleka Samweli Shilo kwa furaha na shukrani, na kila mwaka alikuwa anampelekea kanzu ndogo aliyoshona. Yule mama aliyegombania mtoto na mwenzake mbele ya mfalme Sulemani ndo wa karibu zaidi na mama Musa, aliposikia upanga akasema mpeni huyu mwenzangu, msimuue. Kuliko afe, bora awe wa mwingine.

Nasema haya yote kwa sababu huku Kigoma mabinti wengi wanawaacha watoto kwa bibi, Kasulu, Buhigwe, Kakonko, wanapanda gari au treni kwenda Dar kufanya kazi za ndani, na midomo yetu haina breki, "kamtelekeza mtoto". Nimeshamsindikiza mmoja stendi. Alimkabidhi mama yake mfuko, ndani kuna kadi ya kliniki amesha­iviringisha kwenye nailoni mara mbili isilowe, dawa ya homa, na karatasi ameandika anachokula na asichokula, na namba ya simu ya jirani kama ya bibi ikizima. Mtoto ameachishwa ziwa wiki hiyo. Mtu akaja kusema pale pale kwamba wasichana wa siku hizi hawana uchungu na watoto, nikamjibu vibaya na sijuti.

Biblia haisemi kama Yokebedi, ndo huyo mama, alikuja kumwona Musa tena. Jina lake lenyewe halimo kwenye sura ya 2, linatajwa Kutoka 6:20 na Hesabu 26:59 basi. Jina Musa kampa binti Farao, kumlea kamlea binti Farao, akawa mwanawe. Lakini ile Hesabu 26, ambayo ni orodha ya sensa na watu huiruka kwa sababu ni majina matupu, inapofika kwa Yokebedi inasema alimzalia Amramu Haruni, na Musa, na Miriamu. Jumuiya ijayo ni zamu yangu kuchagua somo, na nitasoma hapo.