Ungesema tu, ningekungoja

Leo Ijumaa, saa nne usiku, na bado ninayo kifuani tangu Jumapili. Maneno manne: "Mama, ungesema tu, ningekungoja." Mwanangu Zuhura hakuyasema kwa hasira. Angeyasema kwa hasira ningejua pa kuyaweka. Alikuwa anachambua mchicha, kichwa kakiinamisha, akayatoa kwa sauti ile ile anayonikumbushia kwamba ndoo ya maji imejaa.

Mnaokumbuka nilivyoandika wakati wa Ramadhani mnajua utaratibu wa nyumba hii. Sisi wa Ngamiani, hapa Tanga, barabara zetu zina namba, na mwanangu nimemlea kwa namba hizo. Alipokuwa na miaka 6 mwisho wake ulikuwa duka la mkabala, hapa hapa Barabara ya 12. Alipofika miaka 8 nikamfungulia ya 11 na ya 13, kwa sababu ya chuo cha Kurani. Miaka 10, mpaka ya 8 kwa shangazi yake, kwa sharti kwamba akifika shangazi anibipu. Sasa ana 11, yuko darasa la tano, na namba zangu zinamwishia.

Jumapili nikamtuma soko la Mgandini peke yake kwa mara ya kwanza. Nilimpa elfu tano: nazi mbili, mchicha, tangawizi na ndimu. Nikamuuliza namba yangu ya simu, akaitaja yote bila kuvuta pumzi. Nikamuuliza na ile ya watoto wakipatwa na tatizo, akajibu 116 kabla sijamaliza swali. Akachukua kikapu, akavaa kandambili, akatoka.

Nikahesabu mpaka hamsini. Kisha nikajitanda kanga nikamfuata.

Nilimwona mgongo tu, njia nzima. Alisimama kila njia panda. Bajaji ikapita, akangoja, bodaboda ikapita, akangoja tena, mpaka mimi huku nyuma nikawa natamani avuke. Sokoni nikajibanza kwa wauza mitumba, kati ya magauni, nikamtazama akiwaamkia watu. Alipofika kwenye nazi akaokota moja, akaitikisa sikioni, akairudisha. Akaokota nyingine. Ya tatu ndiyo aliyoichukua. Mimi sikuwahi kumfundisha kusikiliza nazi.

Nikawahi kurudi kwa njia ya nyuma, nikakaa uani kama sikuondoka. Akaja, akanipa chenji, shilingi 900, imetimia. Tukakaa na mchicha. Mazungumzo yenyewe yalikuwa haya, nimeyapitia mara nyingi mno mpaka najua wapi alipumzika:

"Mama, ile kanga yako ya njano inaonekana mbali."

"Umeniona wapi?"

"Kwenye mitumba. Nyuma ya magauni."

"Mbona hukuniita?"

"Nilidhani hutaki nikuone."

Nikanyamaza. Naye akanyamaza, akachambua majani matatu manne. Ndipo akasema.

"Mama, ungesema tu, ningekungoja."

Nami nikamjibu, "Lete huo ungo." Basi. Ndilo jibu nililompa mtoto aliyenistahi kuliko nilivyomstahi. Maana hilo ndilo linaloniuma. Alijua niko nyuma yake, akaendelea kununua, akaendelea kuamkia watu, akanitunzia siri yangu mwenyewe mpaka tulipofika nyumbani tukawa wawili tu. Mimi nilikuwa nampima kama anaweza kutembea peke yake, kumbe hakuwahi kuwa peke yake, na alilijua hilo.

Wiki hii meli mbili zimeshusha mzigo, tumefunga hesabu za mwezi ofisini, binamu yangu kaolewa Pangani, na Baba Zuhura kapiga simu kwamba mkataba wake wa Mtwara umeongezwa miezi 6. Yote hayo nimeyapokea vizuri. Nikiwa kwenye basi la harusi, wenzangu wanaimba, mimi nilikuwa nyuma ya magauni.

Jumanne nikamweleza Bibi, yaani mama yangu mzazi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza: "Sasa wewe ulimtuma mtoto au ulimpeleka?"

Nikamwambia dunia imebadilika. Akasema mimi mwenyewe alinipakia basi la Muheza nikiwa na miaka 9, na kifurushi cha samaki mapajani, akamwambia konda anishushe stendi, akageuka akaenda zake. Nikasema, mama, siku zile watu walikuwa wema. Akatikisa kichwa. "Wabaya walikuwepo. Konda nilimjua. Nilimjua na mama yake."

Neno hilo sikulijibu, nikaondoka nalo. Ni kweli. Mimi nimeishi mtaa huu miaka yote hii lakini naondoka saa kumi na mbili asubuhi na kurudi giza linaingia. Kijana anayeegesha bajaji kona ya Barabara ya 9 namwona kila siku, jina lake silijui. Ninapomwambia Zuhura "usiongee na watu usiowajua", namfungia mji mzima, kwa sababu hao ambao yeye hawajui hata mimi siwajui.

Kisha Bibi akaongeza jambo ambalo halikuniingia. Akasema kama ni kumfungulia nimfungulie sasa hivi, kabla hajavunja ungo, maana akishakuwa mwali itabidi atulie.

Hapo niseme lililoko moyoni, na Bibi asiponisamehe leo atanisamehe kesho. Salimu, mtoto wa dada yangu, ana miaka 12. Tangu atoke jandoni anakwenda Raskazone kuogelea, anakwenda uwanja wa Mkwakwani timu ya Coastal Union ikicheza, anarudi magharibi na mchanga masikioni, na anayemuuliza humuuliza kama amekula. Kwake, kukua ni kufunguliwa. Kwa Zuhura tunataka kukua kuwe ni kufungwa, na tunaita utulivu.

Mimi nilikuwa na baiskeli. Sijawahi kuliandika hili. Ilikuwa nyekundu, ya mtumba, breki ya nyuma haishiki, na nilikuwa naiendesha mpaka Makorora na kurudi. Nilivunja ungo nikiwa na miaka 12. Kungwi akaja, nikafundwa, nikapikiwa, nikavishwa kanga mpya, nikafurahi. Wiki iliyofuata baiskeli haikuwepo uani. Kaka yangu alikuwa anaiendesha. Hakuna aliyenigombeza, hakuna aliyenieleza chochote, na mimi sikuuliza. Nina miaka 38 na sikuuliza mpaka leo. Mji huu wanawake wanaendesha baiskeli toka zamani, wanakwenda nazo sokoni na kazini, kanga imefungwa vizuri kiunoni. Kwa hiyo siwezi kusema ilikuwa mila. Ilikuwa ni nyumba yetu tu, na hofu ya nyumba yetu.

Na yule aliyenipakia basi la Muheza bila kuangalia nyuma ndiye aliyeitoa ile baiskeli. Mtu mmoja. Sijui niwaelezeje, mnamjua Bibi, mnajua ninavyompenda.

Jumatano usiku nikamwita Zuhura chumbani nikamwomba radhi. Nilisema, "Jumapili nilikufuata na sikukwambia. Nimekosa." Akatazama miguu yake, akasema, "Haya," kisha akatoa ombi ambalo naona alikuwa kalihifadhi muda mrefu. Anataka kwenda maktaba ya mkoa Jumamosi, yeye na mwenzake Mwanaidi, kwa baiskeli. Maktaba iko mjini, ng'ambo ya reli. Namba zangu hazifiki huko.

Jana nikaomba ruhusa kazini mapema, tukaenda wote, mimi na yeye, kwa miguu. Nilimwambia wazi: leo sikufundishi njia, njia unaijua. Leo tunasalimia. Tukaanzia kwa kijana wa bajaji wa Barabara ya 9. Nikamwambia, mwanangu huyu, Zuhura, Jumamosi utamwona anapita na mwenzake. Akasema, "Huyu namjua, Mama Zuhura. Huyu ndiye huningoja nipite hata nikiwa nimesimama." Tukasalimia fundi baiskeli, akamweleza Zuhura jinsi ya kuikaza breki yake iliyolegea, kwa mdomo tu, akimwelekeza avute wapi atakapofika nyumbani. Tukasalimia mzee wa kahawa. Alimkumbuka marehemu babu yangu, akatupa kashata tukakataa, akatupa tena.

Kwenye reli Zuhura akasimama kunisomesha. Ananiambia reli hii Wajerumani walianza kuijenga mwaka 1893, ikakawia njiani miaka mingi mpaka kufika Moshi. Namsikiliza, huku macho yangu yanaangalia kama anatazama pande zote mbili. Alitazama. Akatazama na mimi kama nimetazama, akanishika mkono tukavuka. Maktaba tulimsalimia mlinzi, kisha akaniomba nimsubiri nje. Nikakaa kwenye kivuli dakika arobaini. Kwa kweli nilikuwa na furaha kama ya sikukuu. Nilitazama watu wakipita na nikahesabu wale ambao sasa namjua kila mmoja kwa jina: wanne. Asubuhi hawakuwepo hata mmoja.

Tumekubaliana hivi. Watatoka saa tatu, watarudi kabla ya adhuhuri. Pwani bado, mpaka ajue kuogelea vizuri, na hilo nitamtafutia wa kumfundisha, hata kama ni binamu yake Salimu mwenye mchanga masikioni. Simu hapewi, lakini mlinzi anayo namba yangu. Mimi nitabaki nyumbani. Na atakapovunja ungo baiskeli itabaki uani, imeegemea ukuta ule ule. Hilo nimemwambia Bibi mbele ya Zuhura, na Bibi hakujibu, aliendelea kukuna nazi. Nazi ile Zuhura ndiye aliyeichagua. Bibi ndiye aliyemfundisha kuitikisa, nimeuliza.

Sasa hivi nilikuwa natafuta pampu ya baiskeli ili matairi yawe tayari asubuhi. Haiko stoo, nikadhani iko kwenye kabati la Bibi. Nimefungua droo ya chini polepole nisimwamshe. Pampu haimo. Kuna kikaratasi cha daftari kimekunjwa, na ndani yake vidonge vyake vya presha, vyote vimekatwa katikati kwa kisu. Nimehesabu vipande saba. Kadi ya kliniki iko chini yake, na tarehe ya kurudi ilishapita wiki tatu. Kila asubuhi namuuliza, "Mama, umekunywa dawa?" naye ananijibu amekunywa.